Mkwaju wa Tatu

Sheria imebandikwa mlangoni mwa klabu,
juu ya tangazo la mbwa aliyepotea tangu Pasaka:
timu ni watu wanne; wote hupiga,
mnachagua mpira ulioangukia pazuri,
mnaokota mingine, mnapiga tena wote kutoka hapo.
Na chini, kwa kalamu nyekundu ya Noelene:
kila mchezaji, mikwaju yake mitatu ya kuanzia
lazima itumike. Mitatu. Msije kwangu na visingizio.

Juni. Jalidi imekaza nyasi hata zinalia chini ya viatu,
ngano ya akina Pascoe imechipua urefu wa kidole
ng'ambo ya uzio, na kangaruu wanane
wamelala katikati ya njia ya shimo la pili
kama wenye hati ya kiwanja.
Sisi hatuna yale majani ya kwenye televisheni,
yaliyonyolewa kama kidevu cha bwana harusi.
Shimo letu limezungukwa na mchanga
uliokandwa kwa mafuta machafu ya trekta,
mweusi tii; unaburuta chuma kusawazisha,
unapiga, kisha unafuta nyayo zako
kwa ajili ya anayekuja nyuma.

Mashimo tisa, mara mbili. Robo ya mkwaju
inaweza kukunyima sinia la nyama:
soseji, mbavu za kondoo, paja zima juu.
Mkono mmoja hauchinji ng'ombe,
na sisi tulikuwa na minane.
Minane, ukihesabu ya Alby.

Alby Trezise ana miaka themanini na tatu.
Jina lake liko ubaoni kwa rangi ya dhahabu:
sitini na nane, sitini na tisa, sabini na moja.
Sabini alioa.
Siku hizi kikombe chake cha chai
humjia nusu, kwa makusudi,
na hakuna anayesema neno.

Na mimi, dereva wa lori la nafaka,
miaka ishirini na minne, nilikuwa napiga mbali siku hiyo. Mbali!
Mgema akisifiwa, yaliyobaki mnayajua.
Wa Alby wa kwanza tuliutumia shimo la nne, lile fupi.
Wa pili, la kumi na mbili, baada ya wangu kuzama bwawani
na wa Giang, mfamasia, kugonga mti na kurudi kutusalimu.
Wa tatu, nikasema, bado. Shimo lijalo.
Bado. Lijalo.
Nikauweka kama mtu anavyoweka bili
nyuma ya saa ya ukutani.

Kumi na nane. Tunaongoza kwa mkwaju mzima,
na hakuna tena lijalo.

Alby akainama na kijiti chake.
Mpira ukaanguka. Akauweka. Ukaanguka.
Giang akapiga hatua moja ili amsaidie;
Noelene akakohoa,
kikohozi kikavu cha mwalimu mkuu mstaafu,
na Giang akarudi mahali pake.
Kunguru akaongea kidogo juu ya nguzo ya simu.
Ukakaa.

Ningependa kusema uliruka.
Ulikwenda chinichini, ukidunda kama sungura,
hatua arobaini na mbili, nilizihesabu,
ukasimama katikati kabisa ya njia,
peupe, mbele ya macho ya klabu nzima.

"Umenyooka lakini," alisema Alby.

Sinia likaenda kwa akina Halloran wa gereji,
kwa robo tatu ya mkwaju. Sisi tukapata
mipira mitatu kila mmoja, ya njano,
na makofi ya watu wanaofikiria chakula.
Noelene alijaza kadi bila kuinua macho:
"Ule ulikuwa wa kutumiwa asubuhi, Lachie.
Asubuhi, kabla hajachoka."

Jioni nilimrudisha Alby kwake.
Akashika ulimi wa mkanda, akautafutia tundu,
akakosa, akatafuta tena.
Nilikuwa na mikono miwili, mizima, tayari.
Nikaiweka juu ya usukani.
Injini ikanguruma, kioo kikafanya ukungu,
nikangoja
mpaka niliposikia: tak.