Tundu la Mchwa

Nilikinunua Kipalapala kwa shilingi mia tano,
kitabu cha misheni kisicho na jalada.
Ndani yake kabaila wa Uingereza, Rojeri wa Hathele,
kalala juu ya kaburi lake, jiwe mtupu,
mbwa wa jiwe akimpasha nyayo joto.

Alikuwa na ngome, kinu, vijiji kumi na saba,
na kesi ya msitu na shemeji yake, miaka ishirini.
Mfalme alimpa. Mfalme akamnyang'anya.
Binti yake Avisia aliozwa ana miaka tisa,
yeye pamoja na bwawa la samaki.
Mwana wa kwanza homa, wa pili vita,
wa tatu...
hapo mchwa wamekula.

Nikamsomea mama, yuko anamenya karanga.
"Na mke?"
Mstari mmoja: alizaa kumi na mmoja, akafa.
"Jina lake?"
Nikapekua. Tundu.

Mama akaguna.
Baba yake naye alikuwa mwanangwa, huko Itetemia;
bwana shauri aliandika ng'ombe wake, gobore lake,
hata kidole chake kilichopinda.
Kiti kilimwendea mwana wa dada.
Dada mwenyewe hayumo.

Usiku umeme ukakatika.
Kwa mshumaa, kwa kalamu ya risasi,
pembeni mwa lile tundu, nyumbani kwa Rojeri,
nikaandika:
Nyanzala binti Kasele,
aliyezaliwa na njaa,
akamzaa mama yangu
mwaka wa nzige.