Limau Lisilo na Kivuli

Nerina Cossutta, karani mstaafu wa forodha,
miaka thelathini na mmoja bandarini Trieste
akinusa makasha ya watu:
ngozi inayonuka gundi,
manukato yanayokauka kabla hujasema asante.
Usiku huu upepo wa bora unatikisa madirisha
naye yuko jikoni, miwani puani,
kwenye mnada usio na nyundo wala kelele,
tarakimu tu, zinapanda kama homa.

Anatafuta saa.
Si ya fahari. Ya kutia ufunguo, uso rangi ya maziwa,
kama ile aliyoiuza Livio mwaka wa mgomo
akarudi na jiko la makaa, mkono mtupu,
wala hakueleza.

Muuzaji wa kwanza anaitoa kwa bei ya mikate miwili.
Picha inameremeta, haina hata alama ya kidole,
na Nerina ameshaiona kwa wauzaji wengine wanne.
Wanaomsifu ni mia mbili, wote wa wiki moja,
wote wamekosea herufi ileile.
"Rahisi," analiambia birika, "hulipiwa mara mbili."

Wa pili ana ulimi wa asali.
Anataka walipane pembeni, nje ya mnada,
tuokoe ada, mama.
Nerina anamwandikia: tafadhali,
nipigie picha ya saa hiyo kando ya limau.
Siku mbili, kimya.
Kisha picha: kitambaa cha meza, saa, limau.
Saa imeangusha kivuli kushoto.
Limau halina kivuli.
Anacheka mpaka paka anahama chumba.

Wa tatu ni Jernej Podobnik, wa Kranj.
Mkono wake ulitetemeka, picha zina ukungu.
Limau lake ni nusu, limenyauka,
kivuli kimelalia mkwaruzo karibu na sita.
Amefungua mgongo wa saa bila kuombwa;
namba inasomeka, tarakimu ya mwisho imelika.
"Huchelewa dakika nne kwa siku," ameandika.
"Nimeikanya. Haisikii."

Mtu akikutajia kasoro ya mali yake, msogelee.
Nerina akatia dau, akapandiwa, akapanda.
Zikiwa zimebaki sekunde mbili
mtu asiye na jina akaongeza yuro moja.

Basi.

Anakata limau lake mwenyewe, anakamulia chai.
"Saa ngapi?" Livio anauliza kutoka kitandani.
Nerina anatazama ukutani,
anafikiri kidogo.
"Saa tano," anasema. "Kasoro dakika nne."