Tiketi ya Kwenda Tu

Miaka ishirini na miwili kwenye kidirisha cha stesheni, Lubumbashi,
Mwilambwe amewauzia wengine Kalemie.
Siku alipotimiza hamsini akajiuzia mwenyewe:
kwenda tu. Akajirudishia chenji,
akaihesabu mara mbili, hajiamini.

Behewa la tatu, dirishani. Injini haina mafuta.

Jioni mkewe akaja na bukari na sombe,
akagonga kioo: "Umefika wapi?"
"Bado Lubumbashi."
"Basi kula kabla hakijapoa."

Siku ya pili alimletea blanketi.
Ya tatu, bili ya umeme.

Usiku wa nne gari likatikisika,
likapiga honi, likaenda kweli.

Mwilambwe akaruka nje, goti likachubuka,
amekumbatia sahani.
Ilikuwa ya seti ya harusi.