Chungu

Kwetu Cheongju, kwenye ubao wa soko la hisa,
nyekundu ni kupanda, bluu ni kushuka.
Leo, saa tatu na dakika saba,
simu yangu, juu ya rafu ya povu na nyembe,
ikawa bluu kama mshipa wa shingo.

Bwana Maeng alikuwa kitini, shavu moja tayari,
jingine bado jeupe.
Yake pia ikalia.
Tukatazamana kiooni.

Mbali huko Utrecht, watu nisiowajua
wameita baiskeli zao zirudi: elfu arobaini na moja,
za umeme, zenye kikapu mbele.
Betri moja ilishika moto varandani usiku;
hakufa mtu, paka aliungua masharubu.
Ndani ya kila betri mna kihisi chetu,
kidogo kama punje ya ufuta,
na ndani ya kihisi, vichwa vyote nilivyonyoa
tangu mwaka wa mafuriko hadi juzi.

Wenye pesa nyingi waliondoka mapema, kimya,
kama wageni waliochungulia jikoni
wakajua wali hautatosha.
Sisi wadogo, magazeti hutuita chungu:
mdudu abebaye punje inayomzidi uzito.
Chungu, haya. Na mate mdomoni, machungu.
Na chungu jikoni, ambacho Ok-hui
amekifunika bila kuuliza nitakula saa ngapi.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Mimi kinyozi, methali hii ningeitundika mlangoni;
sikuambiwa kwamba mwenzangu yuko Utrecht,
wala kwamba wembe utaanzia kwangu,
kichwa kikiwa kikavu.

Jioni mkurugenzi akatokea kwenye runinga, tai imepinda:
kihisi hakina kosa. Kilihisi joto,
kilipiga kelele mara kumi na moja.
Washirika ndio walioizima sauti,
maana wateja walilalamika kwamba inawasumbua.
Nikapiga kofi pajani. Hatuna hatia!
Bluu haikusikia.

Ok-hui alikuwa akikunja taulo.
Mwezi wa nne alisema, uza nusu.
Mwezi wa sita alisema, basi hata robo.
Leo hakusema. Alipanga taulo, kubwa chini, ndogo juu,
akang'oa waya wa runinga ukutani.

Bwana Maeng aliondoka asubuhi ile ile
na povu shavuni, simu sikioni.
Hajalipa.
Sijamdai.