Ufunguo Ndani ya Unga

Arvid, nimenunua bastola.
Nakuambia wewe kwanza, kabla ya binti yetu,
kwa kuwa wewe huwezi kunijibu.

Ilianzia kwa akina Lindqvist. Jumanne, saa nane mchana,
wao wako kazini, mlango wa nyuma ukavunjwa.
Wakabeba runinga, mtungi wa sarafu,
na nyama ya kulungu iliyogandishwa gerejini.
Nani huiba nyama ya kulungu?
Mwenye njaa, nilijisemea mchana.
Usiku nikajisemea mengine.

Usiku nyumba yetu hupata ulimi.
Friji huangusha barafu, nami hukaa kitako kitandani.
Mabomba hugonga. Theluji huteleza paani
polepole, kama mtu aliyevua viatu.
Upande wako nimelaza tochi,
na gongo lako la hoki, ambalo siwezi hata kulinyanyua sawasawa.

Dukani nilisimama kati ya makoti ya kuwindia na chambo za samaki.
Kijana mwenye chunusi, Tollef, mpole kama muuza viatu:
"Mama, hii inakukaa vizuri mkononi?
Tahadhari kabla ya hatari, ndivyo nisemavyo mimi."
Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko umbo lake,
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi begani.

Nikajaza fomu.
Je, umewahi kutiwa hatiani? La.
Je, unaitoroka sheria? Arvid, ungekuwepo tungecheka.
Hapakuwa na nafasi ya kuuliza, unaogopa nini?
Nilikuwa na jibu, na kalamu yao iliandika vizuri.

Jumamosi, mafunzo. Wanawake watano
na masikio yamezibwa.
Pa Houa, muuguzi wa zamu ya usiku, alipiga katikati mara sita,
akaweka silaha chini, akalia,
akafuta miwani, akapiga tena.
"Kidole kikae nje mpaka uwe umeamua," alisema mwalimu.
Nikamuuliza, kuamua nini?
Akadhani natania.
Karatasi yangu ilichorwa mtu asiye na uso.
Nilimpata bega, kisha sikio, kisha hewa.
Nikamwomba radhi. Kimoyomoyo, lakini nikamwomba.

Kasha la chuma liko chini ya kitanda. Ufunguo ndio ulionihangaisha.
Kiatuni mwako? Ningesahau.
Nyuma ya Biblia? Kila mtu huanzia hapo.
Nikauzika kwenye debe la unga,
nikalala. Nakiri, nililala
fofofo, mara ya kwanza tangu Novemba.

Kisha ikaja wikendi ya Signe.
Ametimiza miaka sita, meno ya mbele hana,
na alitaka tuoke biskuti zile zako za iliki.
Niligeuka kuchukua mayai. Kugeuka tu, Arvid.
Niliporudi alikuwa mweupe hadi viwikoni,
na katika kiganja chake, kidogo, kinang'aa:
"Bibi, hiki kinafungua nini?"

Watu hujiandaa kwa mlango kuvunjwa.
Hakuna aliyenifundisha swali hilo.
Nikaupuliza unga, nikanunua muda kwa pumzi.
"Kitu cha babu," nikasema.
Jina lako ndilo lililonijia. Nisamehe.
Akaridhika, akarudia kukanda,
akaimba kuhusu sungura.

Sasa ni saa saba usiku.
Nje kipimajoto kimeshuka hata sitaki kukitazama;
mwizi atakayetoka usiku huu anastahili supu.
Signe amelala upande wako, miguu imenikita mbavuni.
Friji imeangusha barafu, sikushtuka.
Nina ufunguo ngumini, umeniachia alama,
na nimetega sikio
si kwa mlango wa nyuma,
bali kwa pumzi hizi zilizo kando yangu,
kama zitabadilika,
kama ataamka kabla yangu
na kuteremsha mguu mmoja sakafuni.