Mlango wa Uani

Saa nane usiku, Tudor. Feni yasukuma joto
kutoka ukuta huu hadi ule. Mezani pana kifaa
kidogo kuliko kiberiti, kimepasuliwa tumbo,
na mita ya umeme imekikodolea:
miliampia kumi na tisa. Kumi na tisa. Kumi na tisa.
Kilale, basi. Hakilali.

Ni kifaa cha kupima tangi la maji.
Kazi yake nyepesi: amka kila robo saa,
uliza kihisi maji yamefika wapi,
sema, ulale.
Betri moja, mwaka mzima. Ndivyo tulivyowaahidi
wapangaji wa jumba la Bwana Taib.
Siku ya nne kikazimika. Tangi likakauka kimyakimya,
na Kazungu wa mkokoteni akapandisha mitungi
ghorofa ya tano, kwa bei ya ghorofa ya tano.

Nairobi wanasema: huku hatulioni kosa hilo.
Kweli, hawalioni. Kosa hili lataka chumvi.
Lataka hewa inayolamba waya wa shaba
hadi uote kijani, mfano wa senti iliyosahauliwa kisimani,
hadi kihisi kiitwe mara mia
na mara moja kisiitike.

Nikashuka kwenye kiini cha mfumo, chini ya programu zote,
wanakoishi wasioonekana: viendeshi, saa, kufuli.
Huko sheria ni moja, nayo ni ya adabu:
anayekihitaji kifaa akishike, hesabu ipande;
akimaliza akiachie, hesabu ishuke.
Ikifika sufuri, taa zizimwe, walale.

Ndiyo sheria ya mama.
Mama hakuwa na saa ya kulala, alikuwa na hesabu.
Watoto sita, komeo moja. Huketi ukumbini, leso begani,
akitupunguza mmoja mmoja:
"Mishi kangia. Shaali kangia. Nani hajangia?"
Sufuri, ndipo komeo, ndipo Bismillahi.
Usiku mmoja Badi aliumia goti uwanjani Tononoka,
akaona haya, akapita mlango wa uani,
akajifunika gubigubi.
Mama akakesha hadi adhana ya alfajiri
akimngoja mtu aliyekuwa akikoroma chumba cha pili.

Nikacheka peke yangu.
Nikaurudia msimbo, safari hii natafuta milango ya uani.

Mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Kihisi kikijibu: pokea, andika, achia, rudi.
Kisipojibu: rudi.
Rudi tu. Kwa haya, kwa kunyata, mkono bado umeshika.
Imebaki moja. Kesho mbili. Sufuri haionekani tena,
na kifaa kizima kinakesha, kila taa inawaka,
kumngoja aliyekwisha kufika.

Kabla ya lile rudi nimeongeza neno:
achia.

Nikachovya waya kwenye kikombe cha maji ya chumvi
ili kihisi kinyamaze makusudi. Kikanyamaza.
Kumi na tisa. Kumi na tisa.
Kisha mita ikashuka, pole, kama mtu wa magoti mabovu anayeketi:
sufuri nukta sufuri tatu.

Maelezo ya marekebisho nimeyaandika kwa sentensi mbili,
inavyotakiwa,
bila goti la Badi.

Hapo stima ikapotea mtaa mzima. Feni ikaguna, ikasimama.
Katika kile kimya nikasikia kitanda
kikilia ng'ambo ya ukuta.
"Mishi, hulali?"
Nina miaka thelathini na minane. Kumbe bado anahesabu.
"Nimemaliza, mama. Nalala."
Nikangoja aseme neno.
Hakusema. Nadhani alikuwa ameshalala.