Ya Gololi

Friji langu ni moja, hapa Wete, njia ya bandarini,
mlango wa kioo, kovu la kutu mguuni,
na karafuu zikianza kuanikwa majamvini
kila mgeni hulijia na jina lake.

Magesa, fundi milango, kwao Musoma,
husema, "Dada, naomba soda."
Naomba! Na noti kaishika mkononi.
Mwaka wa kwanza nilidhani hana,
nikampa bure.
Akanywa, akailaza noti juu ya mizani, akacheka.

Nasra, binti wa ammi, kaja likizo kutoka Maskati.
Kwake kila chenye povu ni bibsi.
"Nipe bibsi."
Ipi?
"Ya machungwa."
Nampa. Sibishani na mtu aliyeniletea udi.

Wachumaji wa Tumbatu hawaiti kitu.
Huonesha kwa kidevu: "Ile."
Vidole vyeusi kwa kuchambua vikonyo,
hawataki kuvichafulia kioo changu.

Na Bi Chumu wa Kojani, Alhamisi, sauti ya kuitia watu shamba:
"Yapo maji makali?"
Imamu alikuwa anapita.
Imamu akasimama, kanzu nayo ikasimama.
Ilinibidi nifungue friji
niiapie chupa moja moja.

Mimi nimeandika ubaoni VINYWAJI BARIDI.
Ni neno la ofisini:
halimkeri mtu,
wala halimwiti mtu.

Nyuma ya duka, penye pazia la kijani,
mamangu, Bi Time, anasahau kwa zamu.
Jumatatu kanisahau mimi.
Jumatano kanikumbuka, kamsahau marehemu baba,
na nikiijua ndoa yao nikaona afadhali.
Hali. Hanywi.
Hospitali wamesema: anywe chochote.

Juzi adhuhuri akanyanyua kichwa.
"Niletee namleti."
Nikuletee nini, mama?
"Namleti,"
kama atajaye jina la jirani.

Nikampelekea soda. Si yenyewe.
Nikampelekea bibsi, mbili, za rangi mbali mbali,
ile ya kidevu, na maji makali ya Bi Chumu.
Nikapanga chupa kitandani kama mtu anayeuza.
Akazitazama moja moja, akanitazama mimi.
"Hazina gololi. Mmezila?"

Shaame, kitinda mimba wangu, miaka saba,
alikuwa mlangoni akisikiliza yasiyomhusu.
Akatoka mbio.
Akarudi na gololi ya bluu, ile ya kushindia,
aliyompokonya Khatibu baada ya siku tatu za mchezo,
kaiosha kwa sabuni ya unga, kaisuza, kaiosha tena.
Hakuniuliza. Akaitumbukiza gilasini.

Kng.

Povu likapanda. Gololi ikavaa vipovu,
ikatulia chini kama jicho.
Mama akatanguliza sikio, si mdomo.
Akatikisa. Kng.
Akatikisa.
"Kwa Valji," akasema. "Baba kanunua moja, tukanywa sita.
Aliyekunywa mwisho ndiye wa kuitikisa.
Mimi nilikuwa wa mwisho."

Akanywa,
nami nimeizuia gololi kwa kijiko asije akaimeza.
Pua ikamkunjamana, chozi likamtoka,
akacheua kama mtoto, wala hakuomba radhi.
Kisha akaniita jina langu.
Kisha akaniita jina la dada yake.

Jioni Magesa: "Dada, naomba soda."
Nikamwambia, ipo namleti.
"Ndiyo nini?"
Nikamfungulia. Akaonja, akafikiri.
"Mbona hii ni soda?"
Nikasema, kwa sababu unakunywa peke yako.

Gololi haijarudi kwa mwenyewe, iko chini ya mto wa mama.
Shaame ananiuliza kila asubuhi, kwa adabu, lini.
Na ubaoni, chini ya neno langu la ofisini,
kwa chaki, kwa hati inayopanda mlima:
NAMULETI IPO.

Leo wameniuliza watu wanne.
Nimewajibu kwamba ina mwenyewe.